Begi si mpango: jinsi ya kujipanga kujifungua salama kabla uchungu haujaanza

Maswali ni yale yale kila mwezi. Kliniki nianze lini? Nibebe nini? Mimba hii ni ya tatu na mbili za mwanzo nilijifungua bila shida, kuna ulazima wa kwenda hospitali? Baba yuko safarini, nifanyeje? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata utaratibu wa Tanzania, kuanzia zahanati ya kijiji hadi hospitali ya wilaya. Umeandikwa kwa ajili ya mjamzito, lakini usome pamoja na yule atakayeamka nawe usiku.

Nadharia ni fupi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2015-16 ulikuwa umekadiria 556. Kinachoua zaidi ni kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba na maambukizi. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili, na saa mbili ni muda ambao familia nyingi huumaliza ikibishana kama aende au asubiri kupambazuke, kisha ikitafuta pikipiki. Ndiyo maana tunasema begi si mpango. Begi lililojaa nguo za mtoto halimfikishi mtu popote kama haijulikani nani anaamua, nani anaendesha na pesa ziko wapi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya kliniki ya mjamzito (RCH 4). Hii ndiyo historia yako yote. Ikipotea, mkunga wa zamu anaanza kukujua upya wakati uchungu umeshakolea.
- Tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, imeandikwa.
- Simu yenye chaji, na namba za madereva wawili.
- Majina ya watu wawili wenye afya njema walio tayari kuchangia damu.
- Akiba, kwenye simu au kwenye kibubu, ambayo haiguswi kwa ada wala msiba.
- Mtu mzima wa kubaki na watoto wengine.

Hatua ya 1: Hesabu tarehe yako

Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi mitatu. Kama hedhi ilianza tarehe 10 Machi, matarajio ni 17 Desemba. Hesabu hii inamfaa mwenye mzunguko wa siku kama 28. Kama mzunguko wako unayumba, au ulipata mimba ukiwa kwenye sindano za uzazi wa mpango, mwambie muuguzi, kwani kipimo cha picha (ultrasound) katika wiki za mwanzo kitakupa tarehe ya uhakika zaidi.

Wachache sana hujifungua siku ileile iliyoandikwa. Kuanzia wiki ya 37 kila kitu kiwe tayari. Ukifika wiki ya 41 bila uchungu, nenda hospitali bila kusubiri kuitwa.

Hatua ya 2: Anza kliniki kabla ya wiki ya 12

Usisubiri tumbo lionekane. Utaratibu wa sasa ni mahudhurio manane, na la kwanza ndilo lenye vipimo vingi: wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende, malaria, mkojo na shinikizo la damu. Kaswende iliyogunduliwa mapema hutibika kwa sindano ya penisilini na mtoto akazaliwa mzima. Iliyogunduliwa wodini imeshachelewa.

Kila unapoondoka, hakikisha mambo matatu yameandikwa kwenye kadi: shinikizo la damu, wingi wa damu ulipopimwa, na tarehe ya kurudi. Shinikizo likifika 140 kwa 90 au zaidi, uliza hatua inayofuata kabla hujatoka mlangoni. Wingi wa damu chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni suala la hospitali, siku hiyohiyo.

Mwenza akiwepo ni vizuri, kwa sababu vipimo vya VVU na kaswende vinawahusu wote wawili. Asipokuwepo, nenda hivyohivyo. Kuahirisha kliniki mwezi mzima ukimsubiri baba arudi mnadani au ukifuatilia kwa mtendaji barua ya kwenda bila yeye ni kosa linaloonekana kila wiki, na anayelipia ni mtoto.

Hatua ya 3: Meza dawa kwa namna inayofanya kazi

Vidonge vya kuongeza damu (fefo) ni kimoja kila siku, mimba nzima na baada ya kujifungua kama ulivyoelekezwa. Kosa kubwa ni kukimeza pamoja na chai. Chai, ya rangi au ya maziwa, huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo mtu anameza miezi mitano na damu haipandi. Meza usiku kabla ya kulala, kwa maji, na ukila chungwa au ukinywa maji ya limau ndiyo bora. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Kichefuchefu kikizidi, meza baada ya chakula badala ya kuacha kabisa.

Dawa ya kuzuia malaria (SP) ni vidonge vitatu kwa mpigo, mbele ya muuguzi. Dozi ya kwanza ni baada ya miezi mitatu ya mwanzo kupita, na zinazofuata zipishane angalau mwezi mmoja. Lengo ni dozi tatu au zaidi. Asiyestahili kuimeza ni mwenye mzio wa dawa za salfa, na anayetumia septrini kwa sababu ya VVU. Hata ukimeza SP, chandarua chenye dawa ni kila usiku.

Sindano ya pepopunda kwa anayeanza mimba hii bila kinga ni mbili, zipishane wiki nne, na ya pili iwe imechomwa si chini ya wiki mbili kabla ya kujifungua. Dawa ya minyoo hutolewa baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Na udongo, au pemba kama wengine wanavyouita, uache. Unapunguza ufyonzaji wa madini ya chuma na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Hamu yenyewe mara nyingi ni ishara kwamba damu imepungua, kwa hiyo itaje kliniki bila aibu.

Hatua ya 4: Chagua mahali pa kujifungulia, na pa pili

Zahanati inamfaa mjamzito asiye na tatizo. Panga hospitali, au kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji na damu, kama una lolote kati ya haya: uliwahi kujifungua kwa upasuaji, ulitokwa damu nyingi au kondo lilibaki safari iliyopita, mtoto aliyepita alizaliwa amefariki, mapacha, mimba ya tano au zaidi, mimba ya kwanza ukiwa na umri mdogo sana au zaidi ya miaka 35, kimo chini ya sentimita 150, shinikizo la damu, kisukari au upungufu wa damu, au mtoto amekaa vibaya kufikia wiki ya 36.

Jibu kwa mwenye mimba ya tatu ni hili: kujifungua vizuri mara mbili si kinga. Kutokwa damu nyingi huwapata hata wasio na dalili yoyote ya hatari, na sindano ya oksitosini inayochomwa ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka haipo nyumbani kwa bibi. Mkunga wa jadi ana nafasi yake. Anaweza kukusindikiza, kukukanda mgongo na kukutuliza, ila si kuzalisha.

Ukienda kliniki, uliza maswali haya na usubiri jibu kamili: Usiku kuna mtu wa zamu au anaitwa nyumbani? Umeme ukikatika mnatumia nini? Mkinipa rufaa naenda wapi, na kwa gari gani? Jibu la swali la tatu ndilo "mahali pa pili" pako. Kama unaishi mbali au mto hufurika masika, ulizia nyumba ya mama ngojea, uhamie wiki mbili au tatu kabla ya tarehe.

Hatua ya 5: Panga usafiri wa saa nane usiku

Madereva wawili, si mmoja. Mmoja wa bodaboda au bajaji anayekaa jirani, mwingine mwenye gari. Ongea nao mchana, kubalianeni nauli ya usiku, na waambie waziwazi ni safari gani. Dereva aliyeambiwa "kuna mgonjwa" akifika na kukuta mama anatokwa damu anaweza kugeuza pikipiki.

Hifadhi namba 115. Hii ni ya m-mama, mfumo wa serikali wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na kupiga ni bure. Atakayepokea atauliza uko wapi na tatizo ni nini, kisha atatafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Taja kijiji, kitongoji na alama ambayo mgeni anaweza kuiona usiku. "Karibu na kwa mzee fulani" haimsaidii mtu asiyemjua mzee huyo. "Shule ya msingi, kata kushoto, nyumba ya tatu yenye mwembe" inamsaidia. Huduma hii ni ya dharura. Uchungu wa kawaida unaanza na dereva wako.

Hatua ya 6: Amueni nani anaamua

Hapa ndipo mipango mingi inapofia. Baba yuko machimboni, simu haishiki, mama mkwe anasema tusubiri. Kaeni kikao kifupi mwezi wa saba wa mimba, mkubaliane kwamba dalili ya hatari ikitokea, mtu aliyepo, nani na nani kwa majina, anaondoka na mama bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Andikeni kwenye karatasi: majina hayo, madereva wawili, 115, kituo cha kwanza, kituo cha pili, pesa zilipo, kundi la damu na wachangiaji. Ibandikeni nyuma ya mlango. Mlangoni kila mtu hupita. Kabatini hakuna anayekumbuka.

Kuhusu pesa: kwa sera, huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure. Lakini nauli, chakula, dawa au vifaa vilivyoisha stoo havikwepeki. Shilingi 5,000 kwa wiki ukianza wiki ya 12 zinakuwa 140,000 ukifika wiki ya 40. Wa kikoba wanaweza kupanga zamu yao ya kupokea iangukie mwezi huo.

Hatua ya 7: Funga begi kufikia wiki ya 34

Kila kituo kina orodha yake, iulize. Ya kawaida ni hii:

- glavu safi jozi tano, pamba, wembe mpya mbili, klipu au kamba safi za kitovu
- mpira wa kujifungulia, mita moja na nusu hadi mbili
- khanga au vitenge vinne vilivyofuliwa na kuanikwa juani. Viwili ni vya mtoto, kimoja cha kumkaushia na kingine cha kumfunika
- kofia, soksi, nguo mbili na nepi za mtoto
- pedi za uzazi, sabuni, beseni, ndoo ndogo
- chupa ya chai, kikombe, sukari
- kadi ya kliniki, juu kabisa

Usinunue dawa wala sindano kwa kubahatisha dukani. Oksitosini inahitaji kukaa kwenye ubaridi. Iliyolala begini mwezi mzima haina uhakika tena.

Hatua ya 8: Jua wakati wa kuondoka

Ondoka ukiona moja tu: uchungu unakuja kila dakika 20 au chini ya hapo na unazidi nguvu, ute wenye damu, au chupa (mfuko wa maji unaomzunguka mtoto) imepasuka. Chupa ikipasuka, vaa pedi safi na uangalie rangi. Maji meupe ni ya kawaida, ya kijani au ya kahawia yanamaanisha mtoto amejisaidia ndani na haraka inaongezeka. Usiruhusu mtu aingize kidole "kuangalia njia".

Onyo kuhusu dawa za kienyeji za kuongeza uchungu: usinywe, hata kijiko. Zinaweza kuubana mfuko wa uzazi kwa nguvu isiyopimika, mtoto akakosa hewa, mfuko ukapasuka, hasa kwa aliyewahi kufanyiwa upasuaji. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga. Kuna wanaoficha kwa hofu ya kugombezwa, na mkunga akabaki anatibu asichokijua.

Dalili zifuatazo hazisubiri uchungu wala asubuhi, katika mwezi wowote: damu ukeni, kichwa kuuma sana pamoja na kuona maruerue, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, kuhema kwa shida, au mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida yake.

Hatua ya 9: Saa 24 za mwanzo

Ukijifungua salama, kaa kituoni siku nzima. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi na anyonye ndani ya saa moja. Maziwa ya njano ya mwanzo si machafu, ni kinga. Usimpe maji, glukosi wala uji. Asiogeshwe kabla ya saa 24. Aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 abebwe kifuani kwa kangaruu kama wauguzi watakavyoelekeza. Kabla ya kutoka, ulizia chanjo za BCG na polio, na tangazo la kizazi.

Kitovu kiachwe kikavu na wazi, juu ya nepi. Mavi ya ng'ombe, majivu, mate, mafuta, poda, vyote ni njia ya pepopunda na usaha. Kitakauka na kudondoka chenyewe.

Hatua ya 10: Nyumbani, na taka zake

Pedi zilizotumika na pamba zenye damu zisitupwe jalalani wanakochezea watoto na kuku. Zifunge, zitumbukize chooni kama ni cha shimo, au uzichome ndani ya shimo na kufukia. Wembe uweke ndani ya chupa ngumu yenye kifuniko, uurudishe kituoni. Mkikabidhiwa kondo kwa ajili ya mila, libebwe kwenye chombo kisichovuja, azikaye avae glavu, shimo liwe refu kiasi mbwa asifukue, na mbali na kisima.

Rudi kituoni siku ya 7, ya 28 na ya 42 hata kama hujisikii vibaya.

Mambo yakienda kombo

*Mtoto anatoka kabla hamjafika.* Simamisheni chombo. Mama alale au achuchumae juu ya khanga safi. Msaidizi anawe mikono au avae glavu. Usimvute mtoto, mpokee. Mkaushe mwili mzima kwa kitambaa, ukimsugua mgongo, mpaka alie. Mweke kifuani kwa mama, wafunike wote wawili, kichwa chake kiwe na kofia. Kama hamna wembe mpya, msikate kitovu. Mtoto na kondo wasafiri pamoja. Kama mnao, subirini kitovu kiache kupwitapwita, fungeni sentimita 2 kutoka tumboni mwa mtoto na tena sentimita 5, mkate katikati. Msivute kitovu ili kondo litoke. Likipita nusu saa bila kutoka, hiyo ni dharura.

*Kitovu kinatangulia kutoka.* Mama apige magoti, kichwa na viwiko chini, makalio juu. Msikirudishe ndani. 115 papo hapo.

*Damu haikomi baada ya kujifungua.* Kulowesha pedi mbili au tatu ndani ya nusu saa ni nyingi mno. Mama akojoe, mtoto anyonye, msaidizi akande tumbo chini ya kitovu kwa duara mpaka mfuko uwe mgumu kama mpira, na safari ianze wakati huohuo. Kukanda ni cha njiani, si badala ya kwenda.

*Degedege.* Mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumuumiza. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, usimpe cha kunywa. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, anahitaji sindano ya magnesiamu salfeti.

*Mtoto hanyonyi au ana kitu.* Hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi, hesabu tena, na zikibaki hivyo nenda. Nenda pia mbavu zikizama anapopumua, akiwa wa moto au wa baridi, akipata degedege, kitovu kikiwa chekundu au kikitoa usaha, au akiwa wa manjano siku ya kwanza, au manjano yakifika viganjani na nyayoni. Kumwanika juani hakutoshi.

*Mama ana homa au uchafu unaonuka siku ya nne, ya tano.* Si "baridi ya uzazi" ya kutibiwa kwa kukandwa maji ya moto na uji wa pilipili manga. Ni maambukizi, na yanahitaji antibiotiki siku hiyo.

*Mmefika, hakuna mhudumu.* Mmoja abaki na mama, mwingine apige namba ya mganga mfawidhi, ambayo mara nyingi hubandikwa ukutani. Isipopokelewa ndani ya dakika kumi, pigeni 115 na muanze kwenda mahali pa pili pale mlipopaandika.